Kampuni inataka kupitisha ndege nyuki juu ya mtaa wetu Tanga, Jumamosi tuna mkutano. Tuwaulize nini?

Bint_Mwambao
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Habari za usiku wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa mmoja hapa Tanga, upande wa kusini, njia ya kwendea Pangani. Jina la mtaa naomba nisilitaje kwa sasa kwa kuwa jambo bado liko mezani. Jumamosi tuna mkutano wa mtaa na mwenyekiti amenipa kazi ya kuandaa maswali, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Iko hivi. Wiki tatu zilizopita alikuja wakala wa kampuni moja inayosafirisha mizigo kwa ndege nyuki, hizi droni. Wanaomba kona ya kiwanja chetu cha mpira, ile iliyo karibu na zahanati, waweke kituo cha kushushia. Asubuhi zitapita za dawa, chanjo na damu kutoka mjini, na zikirudi zitachukua sampuli za maabara. Mchana hadi jioni zitapita za vifurushi, kupeleka vitu kwenye hoteli za ufukweni na kwa watu walioagiza mtandaoni. Wanaanza na safari 20 kwa siku, baadaye wanasema itategemea soko. Watalipa pango na kuajiri vijana wawili wa hapa hapa.

Sikatai dawa. Mwaka juzi jirani yangu alitokwa na damu nyingi usiku baada ya kujifungua, na mimi ndiye niliyempakata nyuma ya bajaji mpaka mjini. Masika yale, barabara yetu ya ndani ilikuwa mto. Alipona, alhamdulillah. Kanga niliyomfunga nayo sikuweza kuifua, niliifukia. Kwa hiyo mtu akiniambia damu inaweza kufika kwa dakika kumi namsikiliza kwa moyo wote.

Shida yangu ilianza siku ya majaribio, Alhamisi iliyopita. Tangazo lilitolewa msikitini baada ya alfajiri kwamba droni itapita saa 4. Babu mmoja mkwezi, anayetuangulia nazi karibu mtaa mzima, hakulisikia. Nilikuwa chini ya mnazi nakusanya nazi, yeye yuko juu kwenye makuti, kitanzi cha kamba miguuni na panga mkononi. Tukasikia mvumo. Mimi nilikuwa na habari ya majaribio, nikatazama juu. Yeye hakuona kitu, alisikia mvumo tu, na mkwezi akisikia mvumo kwenye makuti anajua ni kitu kimoja: nyuki. Akaanza kushuka kwa pupa. Panga likamponyoka, likachomeka mchangani hatua mbili kutoka nilipochuchumaa. Alifika chini kifua chote kimechubuka, bado ameukumbatia mnazi, anauliza, "Wako wapi? Wako wapi?" Droni ilishapita zamani.

Nilipomweleza wakala akasema droni ilikuwa kwenye njia yake na kwenye urefu wake. Naamini alisema kweli. Ndilo linalonisumbua. Babu naye alikuwa mahali pake, pale pale alipokuwa kwa miaka 40.

Watoto wetu wanarusha tiara kusi ikianza kuvuma. Ndege ndogo za Pemba na Unguja tunaziona zikishuka kwenda uwanjani. Kunguru usiseme. Sasa huko juu anaongezeka mwingine, tena kila siku. Nataka kujua nani anapaswa kumpisha nani, na sisi wa chini tuna sauti gani katika hilo. Karatasi gani tuzidai? Mwenye ujuzi au aliyeishi nazo anisaidie.

---

FundiPropela
Jumatatu, saa 3:52 usiku

Pole sana dada, na mpe pole babu. Mimi narusha droni za kupima mashamba na ramani, nimefanya kazi bara na visiwani.

Anza na vibali. Tanzania huwezi kufanya biashara ya droni bila usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo lazima iridhie. Kanuni za ndege zisizo na rubani zipo tangu 2018. Usikubali kuonyeshwa karatasi kwenye simu. Omba nakala, soma tarehe, soma eneo, kisha uangalie kibali ni cha majaribio au cha kazi ya kila siku. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: je, kinawaruhusu kurusha mbali kuliko macho ya mwendeshaji yanavyofika? Mimi nikipima shamba naiona droni yangu muda wote. Wao wataitazama kwenye skrini mjini, na droni iko kwenu.

Pili, kiwanja. Uliza droni yao ni ya aina gani, maana zinatofautiana kama baiskeli na lori. Rwanda walipoanza kupeleka damu hospitalini Oktoba 2016, zile za kampuni ya Zipline zilikuwa za mabawa, hazitui hospitalini kabisa. Inapita, inaangusha boksi lenye parachuti ya karatasi, inageuza kurudi kituoni. Aina hiyo inahitaji eneo dogo la kuangushia tu. Wakitaka kurudisha sampuli ndipo lazima itue, na hapo unazungumzia droni inayoshuka wima, yenye propela nyingi na kelele zaidi. Kwa hiyo waulize: kiwanja ni cha sampuli za zahanati au ni cha vifurushi vya mahoteli?

---

Kijana_wa_Kange
Jumatatu, saa 4:20 usiku

Dada nakuheshimu, ila naona tunajiandaa kukataa kitu kizuri. Kaka yangu ni bodaboda. Dawa ya dharura usiku wa mvua anaipeleka yeye, barabara hiyo hiyo ya Pangani, na malori yanapita. Mwaka jana alivunjika mguu. Hakuna mkutano wa mtaa ulioitishwa kuuliza nani ampishe nani barabarani. Droni ikianguka inavunjika droni.

---

Bint_Mwambao
Jumatatu, saa 4:31 usiku

Mdogo wangu, mpe kaka yako pole nyingi. Hoja yako naibeba na nitaisema mkutanoni, kwa sababu ni ya kweli: hatari tuliyoizoea hatuihesabu. Ila bodaboda ninaweza kumsikia, kumwona na kumpisha, na akinigonga namjua ni nani, ana namba ya pikipiki na kijiwe chake. Kwa droni nataka tufike hapo kwanza.

---

MwanaNansio
Jumanne, saa 12:45 asubuhi

Natokea Ukerewe, niwape tulichokiona. Mwaka 2018 kampuni ya usafirishaji ya DHL, shirika la Wajerumani la GIZ na watengeneza droni Wingcopter walifanya majaribio ya miezi sita kuleta dawa kisiwani kutoka upande wa Mwanza. Ni kilomita 60 juu ya ziwa, kwa wastani wa dakika 40. Kwa gari ukizunguka ni kama kilomita 240 na saa sita. Droni yenyewe ilikuwa inapaa na kutua wima, angani inakwenda kama ndege ya kawaida, inabeba hadi kilo 4.

Watu waliipenda sana, mimi mmojawapo. Lakini angalieni tofauti. Kule njia karibu yote ilikuwa maji, mzigo ulikuwa dawa peke yake, na safari zilikuwa za kuhesabika. Hatukuwahi kuona droni 20 kwa siku zikipita juu ya mabati yetu zimebeba viatu vya mtu. Ningekuwa wewe ningetenganisha maombi mawili hayo kwenye mkutano. Dawa ipigiwe kura yake na vifurushi kura yake. Wakija pamoja, dawa ndiyo inayofungua mlango na vifurushi vinaingia nyuma yake.

---

Futi500
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Nimefanya kazi mnara wa kuongozea ndege kwa miaka 11, sasa niko nyumbani. Mjumbe, swali lako la nani ampishe nani ndilo linaloumiza vichwa vya mamlaka za anga dunia nzima. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kanuni za kimataifa zinataka ndege yenye rubani isishuke chini ya futi 500, kama mita 150, isipokuwa inapaa, inatua au ina ruhusa maalumu. Juu ya mji ni futi 1,000 kupita kizuizi kirefu kilicho karibu. Droni nazo, Marekani na Ulaya na kwingineko, zimewekewa dari la futi 400, yaani mita 120. Kwa hiyo kati ya dari la droni na sakafu ya ndege pana mita 30. Ni urefu wa mnazi mmoja mrefu. Hicho ndicho kinachoitwa usalama kwenye karatasi.

Sasa njoo kwenye uwanja wa ndege. Ndege ikishuka kwa mteremko wa kawaida wa digrii 3, inakuwa kwenye mita 120 ikiwa imebakiza kilomita 2 na kidogo kufika njia ya kurukia. Hapo ndege iko halali ndani ya eneo la droni. Ongeza helikopta, ongeza ndege za kunyunyizia sumu ya kweleakwelea zinazopita karibu kugusa mpunga. Hao wote wanafanya kazi chini.

Watu husema rubani ataiona. Chukua ndege ndogo ya abiria inayokaribia kutua kwa kilomita 160 kwa saa, na droni inakuja mbele yake kwa kilomita 100. Wakionana wakiwa mita 300, wana sekunde nne. Kwenye jua la saa 8 mchana, bahari inang'aa chini, kitu chenye upana wa mikono yako miwili hukioni mita 300. Na rada ya kawaida ya mnara nayo ina shida kukiona kitu kidogo namna hiyo kikiwa chini. Msidhani udogo wake ni salama: Januari 2025, moto ulipokuwa unateketeza Los Angeles, droni ndogo ya mtu binafsi iligonga bawa la ndege ya kuzima moto, ikalitoboa, ndege ikatolewa kazini wakati nyumba zinaungua.

Kwa hiyo dunia inaelekea kwenye vifaa vya kutangaza mahali. Ndege nyingi zinabeba kifaa kinachoitwa ADS-B, kinapiga kelele ya redio muda wote: niko hapa, urefu huu, nakwenda kule. Droni inasikia, inapisha. Wengine wameweka maikrofoni kwenye droni ili isikie injini ya ndege nyingine. Nzuri. Lakini sikilizeni palipo na kitendawili. Agosti 2025 Marekani ilitoa rasimu ya kanuni za droni zinazoruka mbali na macho. Ndani yake droni inapisha ndege inayotangaza mahali ilipo na ndege zinazoingia au kutoka viwanjani. Ndege isiyotangaza, huko kwingine kote chini, yenyewe ndiyo iipishe droni. Marubani wa ndege ndogo na wale wa kunyunyizia mashamba walipinga, na mimi niko upande wao. Asiye na mtu ndani ndiye apishe mwenye mtu ndani. Hiyo ndiyo desturi tuliyolelewa nayo mnarani.

Nimeandika haya kwa sababu mantiki ile ile itashuka mpaka mtaani kwako. Mkwezi hatangazi mahali alipo. Mtoto wa tiara hatangazi. Mkikubali kwamba asiyetangaza ndiye apishe, babu yako ndiye atakayeambiwa ashuke mnazini kila siku ikifika saa 4. Waulize kwa maneno haya haya: droni yenu inamwonaje mtu asiye na kifaa, na ikimwona inafanya nini? Wasijibu kwa brosha. Wajibu kwa kuonyesha.

---

Umu_Kulthum
Jumanne, saa 5:15 asubuhi

Mimi nataka kuongelea uani. Nyumba zetu za pwani zimejengwa zikiangalia ndani. Uani ndipo tunapofua, tunapopika, tunasukana, mtu ana kanga moja tu kifuani kwa joto hili. Ukuta ulitosha miaka yote kwa sababu hakuna aliyekuwa anapita juu.

Droni nyingi za mizigo zina kamera inayotazama chini ili zijue zinashukia wapi. Sisemi wanatuchungulia. Nasema picha ipo, na mwenye nayo ni nani? Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na ya maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na kampuni inayokusanya taarifa za watu inatakiwa iwe imesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Waulize: mmesajiliwa? Kamera inarekodi au inatazama tu? Ikirekodi, picha zinakaa wapi, siku ngapi, nani anaziona? Mwanamke akiona droni imesimama juu ya ua wake ampigie nani, na atajibiwa na mtu au na mashine?

Na mkutano usifanyike saa za kazi za kinamama. Jumamosi alasiri nyumba nyingi kinamama wako jikoni, wanaume watapitisha kila kitu wenyewe.

---

Bint_Mwambao
Jumanne, saa 7:40 mchana

Dada Kulthum, nimempigia mwenyekiti sasa hivi. Mkutano umesogezwa saa 3 asubuhi. Ahsante sana.

Mzee Futi500, shikamoo. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, babu akiwa amekaa barazani kwangu. Aliposikia ile ya mtu asiyetangaza, aliuliza, "Kwani mimi nikikohoa haisikii?" Kwake lilikuwa swali la kweli, naye anastahili jibu la kweli.

---

Nahodha_Kigombe
Jumanne, saa 2:05 usiku

Nasikia kila mahali ushauri ni mmoja: zipitishwe baharini, huko hakuna watu. Waambieni tupo. Kuanzia usiku wa manane mpaka jua linapopanda, mbele ya mwambao huo pana ngalawa na mashua ambazo ukiwa nchi kavu huzioni. Mvuvi anatazama membe, wale ndege wa baharini. Membe wakikusanyika na kupiga mbizi, pana vibua au dagaa chini yao, ndiyo ramani yetu sisi tusio na mashine. Kikipita kitu cha mvumo kila nusu saa wakatawanyika, umenizimia taa. Sijui kama watatawanyika, ila nataka lijaribiwe na sisi tukiwa chomboni, si watu wa kompyuta tu.

Zipite juu ya mikoko, mkono wa bahari unapoingia ndani. Hapo kweli watu ni wachache. Ila kuna watu wa mizinga ya nyuki, muwaulize nao.

---

Bati_na_Makuti
Jumanne, saa 2:48 usiku

Moto. Hakuna aliyeutaja. Droni hizi zinatumia betri za lithiamu. Betri ya aina hiyo ikipasuka au ikipondeka inaweza kuwaka yenyewe, na inawaka kwa ukali, maji ya ndoo hayatoshi. Mimi ni fundi ujenzi, nyumba nyingi za mtaa kama wako jiko na banda ni makuti, na kwenye kaskazi makuti yamekauka kama karatasi. Ikianguka juu ya bati utasikia kishindo. Ikianguka juu ya makuti saa 7 mchana upepo unavuma, mnapoteza nyumba sita kabla gari la zimamoto halijatoka mjini.

Na uzito ni hesabu ya shule. Kitu kikianguka kutoka mita 60 bila parachuti kinafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 120 kwa saa, ukiacha hewa inavyokipunguza. Kwa hiyo yule kijana aliyesema inavunjika droni tu, fikiria kiwanja cha mpira saa 11 jioni. Uliza droni yao ina parachuti ya kujiokoa? Zile za Rwanda zinayo. Na bima ya kuwafidia watu wa chini iko wapi, ni ya shilingi ngapi, kwa tukio moja au kwa mwaka mzima? Cheti wakikuletea kihakikini kwa mamlaka ya bima, TIRA, kabla ya kukiamini.

---

Kijana_wa_Kange
Jumanne, saa 3:02 usiku

Hilo la makuti sikuliwaza. Nyumba ya bibi yangu Pongwe jiko ni makuti. Nafuta sentensi yangu ya mwisho, ile ya kaka yangu inabaki.

---

MtangaBrisbane
Jumatano, saa 11:20 alfajiri

Nipo Australia, kusini ya Brisbane, mzaliwa wa Ngamiani. Huku droni za kampuni ya Wing zimeleta kahawa na dawa za mafua nyumbani kwa watu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niwape habari za jirani.

Septemba 2022 moja ilitua juu ya nyaya za umeme Browns Plains, zaidi ya nyumba 2,000 zikakosa umeme kwa muda wa kama dakika 45. Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2021, kitongoji kimoja cha Canberra ilibidi wasimamishe huduma kwa sababu kunguru wa huku walikuwa wanazishambulia droni msimu wa kuatamia. Na hawa wa kwetu Tanga, walioletwa Unguja miaka ya 1890 wakasambaa mwambao mzima, ni wakorofi zaidi. Umewaona wanavyomfukuza mwewe? Waulizeni wamejiandaa vipi.

Ila lililowachosha watu Canberra kabla ya yote lilikuwa sauti. Ni nyembamba, inapanda na kushuka, inakutoboa hata ukiwa ndani. Lori likipita linapita. Hii inakuja, inasimama juu ya jirani, inashusha, inaondoka, halafu nyingine. Watu walisema hawawezi kukaa bustanini kwao. Baadaye kampuni ikabadilisha propela zikawa za kimya zaidi. Maana yake inawezekana kupunguza, mkishika msimamo. Wekeni saa kwenye mkataba: kabla ya saa ngapi zisipite, baada ya saa ngapi zisipite, wakati wa swala ya Ijumaa, wakati wa msiba. Safari 20 andikeni 20. Neno "soko" lisiingie kwenye karatasi yenu.

---

FundiPropela
Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Naongeza mawili kutokana na yaliyosemwa. Kwanza tiara. Watoto wetu wanafunga tiara kwa mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, sivyo? Ukijizungusha kwenye propela haukatiki, propela inasimama. Hiyo ni ajali iliyo tayari, inasubiri kusi. Jibu lisiwe kuwakataza watoto. Kampuni ichague njia isiyopita juu ya kiwanja saa za jioni, kwa sababu watoto walikuwepo kwanza.

Pili, kiwanja cha wazi ni ardhi ya umma. Mtaa hauwezi kusaini pango kivyake, hata mwenyekiti akitaka. Pitieni kwa mtendaji wa kata mpaka ofisi ya jiji, watu wa mipango miji. Mkisaini wenyewe, siku ya tatizo mtabaki nalo wenyewe.

Na ombeni ramani ya njia yenye urefu kila mahali, si mstari mmoja mwekundu kwenye slaidi.

---

Bint_Mwambao
Jumamosi, saa 1:50 usiku

Wakuu, nimerudi na majibu.

Watu walijaa kuliko mkutano wowote niliouona, kinamama zaidi ya nusu. Wakala alikuja na kijana wa ufundi. Vibali walileta nakala: cha majaribio kipo, cha kazi ya kila siku wamesema wameomba. Bima wataleta. Kwenye kamera kijana alieleza vizuri kwamba inawaka ikishuka tu, lakini aliposimama mama mmoja akauliza picha zinakaa siku ngapi, wakatazamana. Parachuti ipo, tuliiona, imekunjwa mgongoni mwa droni kama soksi. Kuhusu nyaya, wanasema programu inazijua. Kuhusu kunguru, hawakuwa na jibu.

Tulifuata ushauri wa MwanaNansio, tukatenganisha. Dawa, damu na sampuli: mkutano uliunga mkono kwa sauti moja, kwa masharti kwamba njia ihamie juu ya mikoko na tangazo litolewe siku moja kabla, kwa msikiti na kwa kijana anayepita na baiskeli. Yule jirani yangu niliyewahadithia alisimama amembeba mwanawe, hakusema kitu kirefu, alisema tu yeye anaitaka. Vifurushi: watu walikataa kiwanja, wakala akasema bila vifurushi hesabu zao hazikai sawa. Hapo ndipo tulipokwama, na nadhani ni haki kukwama hapo kuliko kufunika.

Babu mkwezi aliuliza swali lake. Kijana wa ufundi hakumcheka, nampongeza. Alimjibu kwamba hapana, droni haisikii mtu akikohoa, na kwamba kwa sasa haina namna ya kumjua mtu aliye ndani ya makuti. Babu akamwambia, "Basi wewe ndiye uniambie mimi kabla hujaja, maana mimi siwezi kukuambia." Mwenyekiti akaagiza yaandikwe kwenye muhtasari kama yalivyo.

Wamepewa wiki mbili kuleta kibali, bima na njia mpya. Mzee Futi500, ramani waliyotuachia nimeipiga picha, nakutumia kwenye ujumbe wa faragha. Urefu wameandika kwa futi, na mstari mmoja unakata karibu na njia ya ndege za Pemba. Naomba unipimie umekaribia kiasi gani, na kama mita walizoacha juu ya minazi ya babu zinatosha.

---

Futi500
Jumamosi, saa 2:25 usiku

Imefika. Marahaba, mwanangu. Huo mstari wa pili nauona. Nipe usiku wa leo, na umuulize babu mnazi wake mrefu kuliko yote una urefu gani. Yeye ndiye anayeujua.